Ndugu wa Mgonjwa

Kidoti alitoroka kipigo cha baba wa kambo akiwa na miaka kumi na mitatu. Mjini alipokelewa na Mrefu na Domo, watoro wenzake, waliokuwa wakilala nyuma ya gereji. Asubuhi moja aliamka akitetemeka kwa homa, hajitambui. Mrefu, msichana mkubwa kidogo tu kuliko yeye, akambeba mgongoni hadi zahanati, Domo nyuma yao.

“Mzazi wake yuko wapi?” nesi aliuliza.

“Mimi ndiye mama yake,” Mrefu akajibu bila kupepesa macho.

“Ulimzaa ukiwa chekechea?”

“Basi mimi dada yake.”

“Na mimi mjomba wake,” Domo akadakia.

Nesi aliangua kicheko. Kisha akaiona miguu yao iliyopasuka, kicheko kikamwisha. Akamchukua mgonjwa, akamlaza kitandani.

Jioni homa ilishuka. Kidoti akafumbua macho.

“Mkitaka kwenda nendeni,” alinong’ona. “Sitawalaumu.”

“Acha maneno,” Mrefu alisema. “Sogea huko, na sisi tumechoka.”

Walijibana watatu kwenye kitanda kimoja. Nesi alipopita aliwaona, akawafungia pazia.