Kidole Kimoja Juu ya Mstari Mwekundu

Kaka yangu alipokuwa kidato cha tatu alikwenda ziara hii hii ya shule, ya kushuka mto kwa kayaki, akarudi na siri. "Nyuma ya maporomoko kuna nini?" nilimuuliza kwa miaka mitatu. Jibu lake halikubadilika: "Nenda ukaone mwenyewe." Kwa hiyo kabla hujanihukumu, zingatia mateso niliyopitia.

Kiongozi wetu tulimbandika jina la Mama Kafi kabla hata hajatugawia makafi. Tulipanda wawili wawili, mvua ikinyesha tangu alfajiri bila kuvuta pumzi. Mimi nilipangwa na Kibonge, binamu yangu, aliyepiga kafi kama mtu anayefukuza nzi.

Mchana tulipumzika kisiwani. Hapo palikuwa na kipima mvua: mrija wa kioo kwenye kigingi, wenye mstari mwekundu.

"Maji yakipita mstari, hatufiki maporomoko," alisema Mama Kafi. "Mto hauna adabu kwa wageni."

Nikaomba ruhusa ya kujisaidia, nikapitia kwenye mrija. Maji yalikuwa yamepita mstari kwa kidole kizima. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikauinamisha mrija kidogo, kwa heshima zote.

Mama Kafi alikuja, akautazama mrija muda mrefu kuliko ulivyostahili, akaandika kwenye daftari. "Haya wanangu, twendeni."

Mto ukaanza kubadilika rangi, ukawa kama udongo uliokorogwa. Gogo likatupita kwa kasi, kama mwalimu wa zamu aliyesikia kelele bwenini.

"Unaogopa?" nilimuuliza Kibonge.

"Niogope nini? Mama si amepima?"

Hapo nikaacha kupiga kafi. Mbele yetu ukaonekana mwamba, na nyuma yake ngurumo niliyoisubiri miaka mitatu. Kona moja tu.

"Mama!" nikapaza sauti. "Tusiende! Maji ya mrija niliyamwaga mimi!"

Mama Kafi akapuliza kipenga, kayaki zote zikageuka. Akaja ubavuni petu.

"Nusa vidole vyako."

Nikanusa. Mafuta ya kupikia.

"Kila asubuhi natia tone moja, maji yasikauke. Mafuta hukaa juu. Mwizi wa maji huanza na mafuta."

"Kumbe ulijua! Sasa mbona umetuleta?"

"Mpaka mwamba huu ni salama. Hapa ningegeuka, useme usiseme. Nilitaka tu kujua nimebeba mtu gani." Akanitazama meno. "Miaka mitatu iliyopita nilibeba mwizi mwingine, mrefu, ana mwanya kama wako. Yeye alinyamaza mpaka nikageuka."

Nikasahau aibu yote. "Kwa hiyo kaka hakuona nyuma ya maporomoko?"

"Hata maporomoko yenyewe hakuyaona."

Kibonge alicheka mpaka kayaki ikayumba.

Likizo ilipofika, nilimkuta kaka mezani anakula mkate. "Vipi, ulienda?" akauliza.

"Nilienda."

Akaacha kutafuna. Akatazama mlangoni kuona kama mama yetu yuko karibu, akasogeza kiti, akashusha sauti. "Kuna nini kule nyuma?"

Nikamnyooshea vidole vyangu viwili. "Nusa."