Kiraka cha Uwanja wa Ndege

Nimelinda uwanja wetu wa ndege miaka kumi na tisa, na siku zote hizo ndege haijawahi kunitia hofu. Ng'ombe, ndiyo. Ng'ombe akiingia kwenye njia ya kurukia napuliza kipenga mpaka mishipa ya shingo inasimama, ndiyo maana naitwa Mama Kipenga. Lakini Jumatatu ile aliyokuja afisa wa wizara, niliiogopa ndege tangu alfajiri.

Sababu ni mwanangu, huyu mmoja niliyebaki naye. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na nesi alisema kondo la nyuma limekaa vibaya, limeziba njia ya mtoto. "Uchungu ukimkuta hapa, Mama, damu haitazuilika. Azalie hospitali kubwa." Kwa ndege ni dakika hamsini. Kwa barabara ni siku mbili, Mungu akipenda na mto ukipenda. Tulishamkatia tiketi ya Alhamisi.

Afisa alikuwa anakuja kuamua ni viwanja gani vipewe fedha za serikali. Fedha hizo tumezililia miaka. Karibu na jiwe jeupe, pale ndege inapoanzia mbio zake, kuna mahali maji yanapanda kutoka chini. Kiangazi panakauka, mvua zikianza panakuwa uji, na zilikuwa zimeshaanza. Ungedhani mtu mwenye akili zake angempeleka afisa pale kwanza. Thubutu! Sisi tuna ugonjwa wetu: mgeni akipiga hodi tunaficha sufuria iliyotoboka.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema mwenyekiti wa kijiji. "Serikali itatuonaje, watu wa matope?" Basi Jumamosi na Jumapili kijiji kizima tulibeba changarawe, tukashindilia, tukapaka mawe chokaa. Na mimi nilishindilia, tena kwa nguvu kuliko wote. Jumapili jioni hata mimi nilikuwa sioni kiraka kinaanzia wapi.

Afisa alishuka na fundi wake na rubani ambaye hatukuwahi kumwona. Afisa mwenyewe bonge la mtu, shati limembana, lakini mpole. Alitembea uwanja mzima na faili lake, mwenyekiti pembeni kavimba kama bwana harusi. Kwenye kiraka aligonga kiatu mara mbili, akaandika kitu.

"Hongereni sana," akasema. "Nimekagua viwanja tisa, huu ndio bora. Kwa hiyo fedha tutawapelekea wenye shida. Nyinyi endeleeni hivi hivi."

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kucheka. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Wageni walipoelekea kwenye ndege nikamvuta mwenyekiti pembeni. "Tuseme."

"Nyamaza, Mama Kipenga! Ukisema anaufunga uwanja leo hii. Alhamisi mwanao ataondokaje?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nikisema, ndege ya Alhamisi haiji. Nikinyamaza, inakuja na watu tisa, na magurudumu yake yanapita juu ya uji niliouziba kwa mikono yangu, mwanangu ndani na mjukuu wangu ndani yake. Halafu nikakumbuka: kabla ya Alhamisi kuna hii ya leo. Rubani alikuwa ameshawasha injini, anageuza kuelekea jiwe jeupe. Mwanangu alisimama kwenye uzio, mkono kiunoni, anawapungia. Jamani, niliogopa sana.

Nikapuliza kipenga, nikakimbia mbele ya ndege mikono juu kama mwendawazimu.

Injini ikazimwa. Afisa akatoa kichwa. "Mama, vipi tena?"

Nilichukua mtaimbo wa kuchimbia nguzo za uzio uliokuwa pembeni, nikaupigiza kwenye kiraka. Chuma chote kikazama, nikabaki nimeshika ncha tu. Maji ya tope yakachuruzika juu.

"Mficha uchi hazai, bosi. Huu ndio uchi wetu."

Alikodoa macho. "Mngeniua!"

"Tungekuua, na tungekuzika vizuri tu. Chokaa imebaki."

Fundi alicheka peke yake, akaacha. Afisa alifungua faili, akaandika: uwanja umefungwa kuanzia leo. Nikakaa chini palepale. Nikamweleza yote, kondo, damu, tiketi ya Alhamisi, huku nalia bila aibu. Akamtazama mwanangu kule kwenye uzio.

"Rubani," akasema, "unaweza kuanzia mbele ya kiraka?"

"Njia inakuwa fupi. Kwa mzigo huu siwezi." Rubani alilitazama tumbo la mkubwa wake kwa adabu. "Abiria mmoja. Mwepesi."

Afisa akashusha begi lake. "Mwenyekiti, una gari?"

Mwanangu aliingizwa na kifuko kimoja. "Mama, nguo za mtoto!"

"Nenda! Atavaa shati la rubani!"

Ndege ilikimbia, ikakimbia, uzio wa mwisho ukakaribia, na mimi nimeuma kipenga mpaka jino limeuma. Ikanyanyuka. Mwenyekiti alikuwa ananishika mkono, wala sijui alianza saa ngapi.

Ujumbe uliingia jioni, kabla barabara haijatutoa kwenye mtandao: amefika, amelazwa, madaktari wako naye. Mimi nilikuwa nyuma ya gari la mwenyekiti, namfuata mwanangu, nimebanana na afisa na fundi.

Siku ya pili mchana tulinasa mtoni. Afisa alisukuma pamoja na sisi, tope magotini, kiatu kimoja kimeshamezwa. Akasimama, anahema.

"Mama, mgonjwa anayevuja damu anapitaje hapa?"

"Hapiti. Mwanangu wa kwanza, dada yake huyu, alipitishwa hapa akivuja damu. Tuliishia pale, kwenye mti ule uliolala."

Afisa alipangusa vidole kwenye shati, akatoa faili kwenye gari, akafungua karatasi mpya. Akauliza ilikuwa mwaka gani, nikamwambia. Akauliza jina lake, na linavyoandikwa. Nikaacha kusukuma, nikamtajia herufi moja moja.