Gauni Kutoka Kwenye Belo

Mimi nauza mitumba Lukozi, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Nafungua belo, nakung'uta, nafua, napiga pasi ya mkaa, natundika. Hizo nguo mpya za madukani mnazokimbilia, ukizifua mara mbili zimepauka, mara ya tatu ni matambara ya kudekia, kisha utazikuta zimekwama kwenye mawe ya mto pamoja na mifuko na nepi. Sweta langu hili lilishavaliwa na mtu nisiyemjua, na baridi ya hapa Usambara hailipenyi. Basi, nimeshasema.

Kwa hiyo gauni la harusi la mdogo wangu Secilia lilipotoka kwenye belo langu, sikuona aibu yoyote. Rangi ya maziwa, mikono mirefu, lesi kifuani, kitambaa kizito cha kushika mkononi ukaridhika. Nilipiga kigelegele peke yangu pale kibandani. Na wa kwanza kulisifia alikuwa mchumba mwenyewe, Kristian. Yeye yuko kwenye mradi wa kupanda miti, Lushoto mjini, na kila akifungua mdomo ni mazingira. "Shemeji Yudith, hii ndiyo akili," akaniambia. "Bei nafuu, na dunia haiongezewi taka." Nilimpenda siku ile, Mungu anisamehe.

Mwelewe Secilia kwanza. Alizalia nyumbani, ana binti yake, Esta. Baba wa mtoto alishuka Tanga kutafuta kazi na hakupanda tena. Tangu hapo tunabanana kwangu, na kila posa iliyokuja iligeukia njiani, watu walipoulizia habari zake. Kristian ndiye wa kwanza kufika mpaka mlangoni. Mdogo wangu aliitaka ndoa hii kuliko chakula: apate nyumba yake, jiko lake, na mtu wa kuitwa baba Esta.

Wiki ya harusi, Mama Kristian akaja kutoka Mlalo kuliona gauni. Aliongozana na shangazi yake Kristian, na Kristian mwenyewe. Shikamoo, marahaba, nikawawekea chai ya tangawizi na magimbi. Secilia akatoka chumbani amelivaa. Jamani, alipendeza! Mimi dada yake nilitaka kulia.

Mama Kristian akaweka kikombe chini. Akainuka, akashika upindo, akaugeuza ndani nje. Kisha akainama akanusa kwapa. Akanusa kwapa, na mdogo wangu yumo ndani!

"Hili ni jipya?" akauliza.

"La mtumba, mama," Secilia akajibu kwa adabu. "Ila limefuliwa vizuri."

"Na wewe je?"

Shangazi akapaliwa na chai kwa kicheko. Mama Kristian akaendelea, sasa kwa Kishambaa, polepole, ili lisitupite neno hata moja. Kwamba hajapata kuona mtumba umevaa mtumba. Kwamba mwanawe ana kazi na afya, amekosa nini hata aletewe kilichoachwa na mwanamume mwingine? "Afadhali hata gauni," akasema. "Lenyewe halikuja na mtoto."

Nilishanyanyua birika, na si kwa ajili ya kumwongezea chai. Secilia akanitazama kwa macho ya kuniomba, nikalirudisha. Kisha akamgeukia Kristian. Sote tukamgeukia. Alikuwa anamenya gimbi.

"Mama, acha basi," akasema.

Nikashukuru moyoni. Laiti angeishia hapo! Lakini Kristian ni mtu wa semina, akianza hamalizi.

"Kilichotumika si kibovu, mama. Mimi sikukurupuka. Nimechagua, nimegeuza huku na huku, nimekagua. Huyu hana makuu, hana pa kwenda, ukimpa kidogo anashukuru. Hao wapya wa mjini unaijua mahari yao? Na ukimfikisha nyumbani, mwaka hauishi ameshakuchosha. Hapa kwa mbuzi wachache nimepata mke imara, na kwa hela iliyobaki nyumba tutapaua."

Mama yake akafikiri. "Mahari kweli ilikuwa nafuu," akasema, akaketi, akajisogezea sahani.

"Na yule mtoto?" shangazi akauliza.

"Atabaki hapa kwa shemeji. Hilo halina shida."

Ndiyo kwanza nalisikia. Nikamtazama Secilia, na nikaona yeye pia ndiyo kwanza analisikia. Alifungua mdomo. Nikangoja. Msemee mwanao, nilikuwa nasema moyoni, sema neno moja tu, na hawa watu nitawafukuza mimi mpaka barabarani. Mdogo wangu akafumba mdomo, akachukua birika, akamwongezea mama mkwe wake chai kwa mikono miwili.

Walipoondoka walikuwa wamefurahi. Mama Kristian alimpapasa Secilia shavuni akamwambia gauni si baya, likikazwa kidogo kiunoni. Kristian akaniaga kwa kunipa mkono, na mkono nilimpa, maana mdogo wangu alikuwa ananitazama.

Tukaingia chumbani. Akanigeuzia mgongo nimfungue vifungo, nami nikawa nafungua kimoja kimoja. Mabega yake yalitetemeka. Nikadhani analia. Akageuka, na uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Dada," akasema, "umemsikia alivyonitetea?"