Giza la Nyuma ya Mjane

Watu walicheka pale walipotakiwa kulia, na jambo hilo lilimkaa mama mkwe rohoni likakataa kutoka. Kwenye mchezo wa kuigiza wa mtaa wao, yeye ndiye mjane. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jukwaa, taa moja ikimmulika, akimlilia mumewe kwa sauti ya kutoka tumboni. Nyuma yake, gizani, marehemu alitakiwa ainuke kitandani, atoke kimyakimya, azunguke ukumbi kwa nje, kisha amwite mkewe kutokea mlangoni. Watu washtuke, roho ziwaruke. Lakini giza lenyewe liko wapi? Mwanga ulimwagika mpaka ukutani, ukumbi mzima ukamwona marehemu akinyata huku ameshikilia shuka kiunoni.

Tangu hapo kinyozi aliyecheza marehemu hakuwa na raha kazini. "Marehemu, leo umefufuka mapema?" wateja walimtania, naye ana wembe mkononi.

Taa zile zilikuwa mikononi mwa fundi umeme, na fundi huyo alikuwa mke wa mtoto wake mama mkwe. Basi jioni, kesho yake mchezo ukirudiwa, mama mkwe akasukuma sahani yake pembeni.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina kinyongo. Lakini kesho wakinicheka tena, nafasi yangu mpeni mwingine. Siwezi kulia huku watu wanavunjika mbavu."

"Mama, niachie mimi. Kesho kabla ya mchezo nitakuwa nimepata dawa yake."

Vifaa vya dukani vya kubana mwanga hawakuviweza kwa bei. Maboksi yangeungua, maana taa zile zilikuwa na moto kama pasi. Yakabaki makopo ya maziwa. Ukikata kitako, ukalifunga kopo mbele ya taa kwa waya, mwanga utapita humo na hautapata pa kutangatangia. Fundi akamwomba mama mkwe makopo yake ya jikoni.

Sasa, kwa usafi, mama yule hakuwa na mpinzani. Kwenye sufuria zake ungeweza kujitazama ukachana nywele. Akaona haya kupeleka makopo yenye kutu mbele za watu. Akayasugua kwa mchanga, nje na ndani, mpaka yakametameta.

Asubuhi, ukumbini, wakayafunga wakawasha. Lo! Afadhali hata ya mwanzo. Mwanga ulidunda ndani ya kopo, ukatoka umetawanyika, ukuta wote ukajaa miviringo. Kinyozi, aliyelala kitandani kwa majaribio, akainua kichwa. "Jamani, mnanizika au mnanianika?"

Fundi aliliona kosa papo hapo. Kumwambia mama mkwe ndiyo ilikuwa kazi.

"Mama, makopo ni masafi mno."

"Masafi mno? Tangu lini kitu kikawa kisafi mno?"

"Yanang'aa ndani, yanarudisha mwanga. Nataka... unisamehe mama, nataka masizi."

"Kwenye kopo nililosugua mimi, mpaka kucha zikaisha?"

"Ndani tu, mama."

Kinyozi akajifunika shuka gubigubi, asije akaulizwa yeye. Mama mkwe aliyatazama makopo, akautazama ule ukuta, vile vicheko vikamrudia masikioni. Akakunja mikono ya gauni.

"Leteni kibatari, pandisheni utambi utoe moshi. Kama ni kuchafua, nachafua mwenyewe. Nyinyi mtabakiza sehemu."

Akalishika kila kopo kwa koleo juu ya moshi, akaligeuza taratibu, ndani pasibaki hata doa jeupe.

Jioni watu walijaa, wengi wamekuja kucheka na wala hawakuficha. "Shuka lipo?" mmoja akapiga kelele.

Taa ikawaka. Mwanga ukamwangukia mjane, ukaishia hapo hapo alipopiga magoti. Nyuma yake, giza totoro. Mama akalia. Ukumbi ukatulia tuli, kisha mtu akapenga kamasi, na mwingine, na mwingine.

"Mke wangu!" sauti ikaita mlangoni.

Mayowe yake hayasemeki! Mwanamke mmoja alijikuta mapajani kwa jirani yake, na yule aliyeulizia shuka alishaingia chini ya benchi.

"Rudia! Rudia! Ametokaje?" watu wakapiga kelele.

Mama mkwe, machozi hayajakauka, akageukia taa. "Mwanangu, uko tayari?"

"Niko tayari, mama."

"Haya, Marehemu, kitandani!"

Safari hii waliapa watamkamata. Walikodoa macho gizani, wengine wakapanda juu ya mabenchi, huku mjane akilia kwa raha zake. Hawakuona kitu. Na sauti ilipoita tena mlangoni, wakaruka wote upya.