Salamu za Jumamosi

Dobi wa duka la kufulia nguo karibu na soko alijua habari za watu kwa madoa yao. Mkunga mmoja mstaafu alipoleta tena suruali iliyoganda matope magotini, dobi alishindwa kuvumilia.

"Dada, siku hizi unasali shambani?"

Mkunga akacheka. "Napanda ua. Kuna mama ana shamba nje ya mji, upepo unamchukulia udongo na mbuzi wa watu wanamwingilia. Kila Jumamosi tunakwenda kumzungushia miti ya miiba. Malipo hakuna, ni chai tu. Njoo."

Dobi hakuwa na la kufanya Jumamosi. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, watoto hawakujaliwa, na siku hizi aliwasha redio asubuhi apate wa kubishana naye. Alikwenda.

Kazi ilifanywa na watu wawili wawili, mmoja kila upande wa mtaro. Huyu akipanda mche hapa, mwenzake anapanda wake mbele kidogo, ili mbuzi asipate upenyo. Unalowesha mizizi, unasimamisha mche, unarudisha udongo, unaushindilia kwa kisigino. Dobi alipangwa pamoja na mkunga. Mkunga aliongea kama cherehani, naye dobi akagundua kuwa mikono ikiwa na kazi, hata kunyamaza hakuchoshi.

Wakati wa chai walikaa kwenye nyasi. Wengi walikuja na watu wao. Seremala, aliyekaa ubavuni mwa mkewe, alimpa dobi kikombe na kumuuliza, "Na wewe bwana, mama umemwacha wapi?"

"Miguu inamsumbua," dobi akajibu.

Mdomo ulikuwa umemtangulia. Maneno hayo aliwahi kuyasema mara nyingi, wakati ambapo yalikuwa kweli. Alifungua kinywa ayarekebishe, lakini mke wa seremala alikwisha sema, "Maskini, mpe pole sana," na mkunga akadakia, "Msalimie wifi yangu."

"Zitafika," alisema dobi.

Jumamosi iliyofuata mkunga alimuuliza hata kabla ya kushika jembe: "Wifi hajambo?"

"Hajambo kidogo. Anakusalimu."

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Kwanza alijibu kwa aibu, kisha kwa furaha. Mke wake alikuwa ameshinda vizuri. Mke wake alikuwa amecheka kusikia seremala ameangukia mtaroni. Mke wake alitamani sana kuja kuona huo ua. Mkunga alimletea mgonjwa dawa ya kuchua, mwenye shamba akampa ndimu za kumpelekea. Dobi alirudi nazo chumbani, akaziweka mezani, akazitazama. Hakuwa na ujasiri wa kuzikamulia kwenye chai yake mwenyewe. Zilikauka pale pale.

Walipokaribia mwisho wa ua, mwenye shamba alisema siku ya kumaliza kila mtu aje na wa nyumbani kwake, wapande pamoja upande uliobaki.

"Wifi tutamfuata kwa pikapu," mkunga alimwambia dobi wakiwa mtaroni. "Tumeshakubaliana na seremala. Atakaa mbele, hatachoka."

"Usijisumbue."

"Nimejisumbua nini? Tuelekeze nyumba tu."

Dobi alishika mche mkononi, mizizi ikidondosha maji kwenye viatu vyake. "Dada, hayupo."

"Amesafiri?"

"Alifariki. Kabla sijakujua."

Mkunga alirudisha udongo kwenye shimo lake, akaushindilia, akaendelea kuushindilia hata pale ulipokuwa mgumu kama sakafu.

"Nimekuwa nikimwombea apone," alisema mwishowe. "Kila usiku nimekuwa nikimtaja."

"Najua. Nisamehe."

"Hujui." Akachukua ndoo yake, akahamia mwisho wa mtaro, kwa mke wa seremala.

Hakumwambia mtu. Ndiyo maana walipokuwa wakipanda pikapu jioni, seremala alipaza sauti kama kawaida: "Bwana, mama asalimiwe!" Dobi akasimama palepale penye tope, akawaambia wote. Wengine walisema pole. Wengine walitazama viatu vyao. Njiani dobi alishuka kabla ya kituo chake.

Siku ya kumaliza hakwenda. Mkunga naye hakuleta tena nguo dukani. Dobi alipiga pasi mashati ya watu, akarudi chumbani, akawasha redio. Safari hii hata kubishana nayo kulimshinda.

Mvua zilipokatika, alikwenda shambani peke yake. Mingi ya miche ilikuwa imeshika, lakini mahali mahali ilikuwa imekauka na kuacha mapengo. Mwenye shamba alimwonyesha miche iliyobaki kivulini. "Wenzako nao wanakuja wakipata nafasi," alisema, akarudi ndani.

Dobi aling'oa mikavu, akapanda mipya. Jua lilikuwa limepanda aliposikia jembe upande wa pili wa ua. Alikuwa ni yule mkunga. Walifanya kazi muda mrefu, kila mmoja upande wake.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" mkunga akauliza, bila kuinua kichwa. "Nataka yule wa kweli."

Aliyemjia dobi akilini kwanza hakuwa huyo. Yule wa Jumamosi alikuwa mpole, mwenye salamu kwa kila mtu, na dobi alikuwa amemzoea. Ilimbidi amweke kando kwanza, amtafute wake.

"Alikuwa mkali," alisema polepole. "Matope alikuwa hayataki hata kuyasikia. Angekuja hapa, angekaa kwenye gari na vioo angefunga. Na mimi angenisema njia nzima."

Mkunga alitoa kicheko kifupi, kisha akaacha. "Na miguu?"

"Miguu ilikuwa kweli. Nilikuwa nikimchua. Alikuwa ananiambia nina mikono ya kupigia pasi, si ya kuchulia."

Mkunga alimpitishia mche juu ya ua, kwa uangalifu, asichomwe. Dobi akaupokea, akapiga magoti, akaanza kuchimba.