Sheria ya Kutamka

Sheria ilitangazwa Jumatatu saa nne asubuhi, jikoni, mbele ya jiko la gesi na sufuria mbili tupu. Aliyeitangaza alikuwa binti, mpima ardhi kwa kazi na mpima watu kwa tabia. Aliyetangaziwa alikuwa baba yake, Mzee Bureti. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa bweni, kwa sababu miaka thelathini na moja alitunza maabara ya kemia, na ile mirija ya kioo iitwayo bureti aliilinda kama mboni ya jicho.

"Baba, presha yako imepanda. Daktari kasema hivi vyakula vya pakiti ndivyo vinakumaliza, na kupika hupiki."

"Napika chai."

"Chai si chakula. Sikiliza. Rafu ya kilimo hai usiisogelee, bei zake zitakupandisha presha kabla hujafungua pakiti. Chukua vya kawaida, ila viwe vya asili. Geuza, soma viungo. Usichoweza kukitamka, usikile."

"Basi?"

"Basi. Nakupa wiki mbili. Isiposhuka, unahamia kwangu."

Mzee akakubali haraka. Kwa binti nafasi ilikuwa moja tu: kitanda cha deka, juu mjukuu anayepiga mateke usingizini, chini yeye. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ndogo na bati lilivuja, lakini dari yake haikuwahi kumpiga mtu teke.

Kesho yake akaingia dukani na kikapu mkononi, miwani puani. Mambo yakamchanganya tangu mlangoni. Kila pakiti ilijiita ya asili. Hata peremende za buluu zilikuwa na picha ya jani, na Mzee hakuwahi kuona mti unaozaa kitu cha rangi ile. Akaikumbuka sheria. Akachukua supu ya unga, akaigeuza.

"Monosodiamu glutameti," akasoma, laini kama mtu anayemtaja shemeji yake.

Ikaingia kikapuni. Akafuata mchuzi wa chupa wenye sodiamu benzoeti, anayemjua tangu enzi za chupa za kahawia za maabara, kisha mkate wenye kalsiamu propioneti. Kadiri jina lilivyorefuka ndivyo lilivyomtoka vizuri. Alisimama pale kama mwalimu wa zamu anayeita mahudhurio, na kila aliyeitwa aliitika kwa kuingia kikapuni.

Aliyemshinda alikuwa mmoja tu: pakiti ya nafaka kavu isiyo na chumvi wala sukari, yenye mbegu iitwayo kwinoa, ila pakiti iliandika "quinoa". Akajaribu mara tatu, na mara ya tatu akamtemea mate mpanga rafu.

"Pole, kijana."

"Usijali, mzee. Ila hiyo ndiyo nzuri kuliko zote ulizobeba."

"Huenda. Lakini sheria ni sheria," akasema Mzee kwa huzuni, akairudisha.

Wiki mbili akala kwa utii. Kila orodha ya viungo aliikata kwa mkasi na kuibandika kwenye daftari, asije akaambiwa amekwepa. Siku ya kliniki, binti akiwa kando yake, akanyoosha mkono kama anayengoja zawadi.

"Mia na sitini na mbili kwa tisini na nane," akasema muuguzi. "Imepanda tena."

"Kesho naleta gari tubebe nguo," akasema binti.

"Lakini nimetii, mama! Sikula hata kimoja nisichokitamka!"

Akafungua daftari, akasoma. Kufika ukurasa wa tatu, muuguzi alikuwa ameshika meza, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Hii sheria kaitoa nani?"

Binti akaanza kusoma kwa makini sana bango la kunawa mikono.

"Jina refu si kesi, baba yangu," akasema muuguzi, akijifuta machozi. "Na fupi si dhamana. Angalia chumvi kwa gramu mia. Ikizidi gramu moja na nusu, rudisha. Tuonane baada ya wiki mbili, na dawa usiache."

Nje binti akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Tunakwenda dukani sasa hivi. Ukichanganya tena mbele ya macho yangu, tunafungasha leo."

Kwenye rafu ya biskuti binti akachukua pakiti mbili. "Hii imeandikwa unga, mafuta, ufuta, chumvi. Viungo vinne, vya asili kabisa, na hapa, kwa gramu mia, ni nukta nane. Hiyo nyingine ina majina kumi na moja na nukta tisa. Jibu liko wazi. Chagua."

Mzee akachukua zote mbili, akazisogeza puani. Binti akaanza kutafuta funguo za gari.

"Hii ya majina," akasema Mzee.

"Baba!"

"Ya viungo vinne wameandika sodiamu, mama. Hawakuandika chumvi. Zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi."

Binti akahesabu kwa vidole, akarudia kwa simu. "Mbili kamili," akanong'ona. "Kwa hiyo ya asili ndiyo mbaya?"

"Kwa chumvi, ndiyo."

"Na hii ya maabara ni nzuri?"

"Kwa chumvi tu, na si sana. Kwa mengine sijui."

"Sasa mtu ale nini?"

"Nami nilitaka kukuuliza wewe, mtunga sheria."

Mzee akazirudisha zote mbili, akachukua pakiti ya karanga iliyoandikwa karanga, basi. Binti akaigeuza mara mbili akitafuta hila, asione.

"Haya," akasema, macho chini. "Bakia kwako. Kitanda kile tutawekea masanduku."

Kisha akakivuta kikapu chake mwenyewe, chenye biskuti za watoto pakiti sita, akachomoa ya kwanza na kumkabidhi.

"Na hii je, Baba?"

Mzee akaisoma. Akaisoma tena. Akaomba kiti.