Matairi ya Verlin

"Bi Opal, kwani bunduki zangu zinakusumbua?" jirani yangu Verlin aliniuliza kwenye ua. Nikamwambia kwamba dada yangu Lorene, aliyepooza, hushtuka na kulia kila risasi inapolia. Akaapa atapanga matairi chakavu, apige risasi kupitia katikati yake ili yameze kelele.

Jumapili nikitoka kanisani nikasikia mlio uleule. Nikaenda kwake, nikamkuta na wageni wakilenga shabaha na kula mbavu za kuchoma. Matairi aliyapanga kweli, lakini ndani yake alikuwa ameweka barafu na bia.

"Tukipigia humo wageni hawaoni shabaha," akasema. Akavua vifuniko vyake vya masikio, vilivyolowa jasho na nta ya masikio, akanipa. "Mvike dada yako. Hata malaika wakipiga tarumbeta, hasikii."

Wenzake wakacheka. Nikaviweka juu ya sahani yake ya mbavu, nikaondoka.